Kwaya inataka bei ya wimbo mmoja mmoja: nitoze kiasi gani, na tuandikiane nini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Mwanza. Nilikuwa nimeajiriwa studio kama fundi wa kurekodi, sasa najitegemea na nina vifaa vyangu vya kutembea navyo. Kwaya moja ya kanisa inataka niwarekodie nyimbo 8 kanisani kwao. Wameniambia kuna mwenzangu anafanya kwa shilingi 100,000 kila wimbo, tena watanilipa baada ya uzinduzi wa albamu. Kazi naitaka ila naogopa. Nitoze kiasi gani, na makubaliano niyaandike vipi bila kuonekana nawatilia shaka watu wa kanisa? Halafu kuna msanii alinilipa nusu, sasa ananidai faili zote za kazi yake. Nimpe?

Jibu: Marahaba. Hiyo 100,000 iweke pembeni kwanza, maana hujui huyo mwenzako anauza nini kwa bei hiyo. Huenda anasimamisha maiki mbili mbele ya kwaya, anarekodi, na jioni anawakabidhi faili. Hiyo nayo ni kazi halali na pengine hapati hasara. Lakini kama wewe wamekuomba kila sauti isikike, ngoma zisiwameze alto, na albamu iweze kupigwa redioni, basi hamfanyi kazi moja, na bei yake haikuhusu.

Bei ya wimbo mmoja mmoja imetoka studio, na kule inaeleweka. Chumba ni kile kile, msanii ni mmoja, biti iko tayari, na mwenye studio anajua kwa uzoefu saa zitakazokwenda. Kwaya ya watu 40 ndani ya kanisa lililoezekwa bati ni habari nyingine kabisa. Wimbo wa kwanza wanaimba na kinanda tu. Wa pili una ngoma, kayamba, gitaa la besi, waongozaji watatu na mahali ambapo mapigo yanabadilika katikati, na hapo ndipo wanapokosea kila mara. Zote mbili kwao ni "wimbo mmoja". Ukikubali kipimo hicho, kila watakachoongeza kitatoka kwenye usingizi wako.

Kwa hiyo wewe uza siku. Nitakuonyesha hesabu kwa namba za mfano; zako utaziweka mwenyewe.

Tuseme kodi ya nyumba, chakula, ada za watoto na cha kuwatumia wazazi vinafika 900,000 kwa mwezi. Umeme, bando, nauli na matengenezo ni 250,000. Bima ya afya na akiba kidogo, 150,000. Linabaki jambo ambalo mafundi wengi huliruka: vifaa. Kama intafesi (kifaa kinachoingiza sauti za maiki kwenye laptopu), maiki, stendi, nyaya, hedifoni na laptopu vilikugharimu 9,600,000 na unategemea vikae miaka 4, maana yake kila mwezi vinakula 200,000, uwe na kazi au usiwe nayo. Usipoitoza leo, siku laptopu ikifa utaanza kukopa. Jumla ni 1,500,000.

Sasa gawa kwa siku, lakini siku za kweli. Ukiacha Jumapili mwezi una siku kama 26, ila haziuziki zote. Kuna siku za kuonana na wateja, kukagua ukumbi, kuchomelea nyaya zilizokatika, kunakili faili, kufuatilia madeni. Kuna mwezi kama Januari ambao simu hailii. Anayeanza kujitegemea akipata siku 12 za kulipwa kwa mwezi, anajitahidi. 1,500,000 ukigawa kwa 12 unapata 125,000. Hapo hujapata faida hata senti, umelipia kuishi kwako na vifaa vyako tu. Ongeza cha kodi ya serikali, cha wadeni watakaopotea, na faida yako, tuseme siku moja ni 150,000.

Rudi kwa kwaya. Nusu siku ya kwenda kuwasikiliza mazoezini. Siku 2 za kurekodi. Siku 2 za kuchagua mirudio mizuri na kusafisha. Siku 5 za kumiksi nyimbo 8, yaani kuchanganya na kusawazisha sauti zote. Siku moja na nusu ya marekebisho na kumalizia. Ni siku 11, mara 150,000 ni 1,650,000. Usafiri wa vifaa, jenereta na mafuta yake vinaandikwa mstari wa pembeni, havimezwi humo.

Ukiwafanyia kwa bei ya mwenzako, nyimbo 8 zinakupa 800,000, sawa na kama 72,700 kwa siku, wakati siku yenyewe inakugharimu 125,000. Utakuwa umeichangia kwaya 575,000 bila mtu kujua, hata wewe mwenyewe. Kama una moyo wa kuchangia kazi ya Mungu, changia, lakini simama siku ya harambee utaje kiasi kama wenzako wanavyotaja.

Wakisema ni ghali, na watasema, usiguse bei ya siku. Gusa idadi ya siku. "Kwa bajeti yenu tunaweza kufanya nyimbo 4 sasa na 4 mwakani." "Tunaweza kurekodi wote kwa pamoja, kila wimbo mara tatu, tukachagua mmoja mzima, bila kukata na kuunganisha." Hiyo ya pili inakuondolea siku kadhaa za kazi na kwaya iliyofanya mazoezi vizuri inatoka nayo salama, wakati mwingine inapendeza kuliko ile iliyofanyiwa upasuaji. Mteja akishaona kwamba pesa ikipungua na kazi inapungua, mazungumzo yanatulia, kwa sababu hamvutani tena kuhusu thamani yako. Mnachagua tu ukubwa wa kazi.

Na kama ni ndugu au rafiki unayetaka kumpunguzia, andika bei kamili, kisha chini yake andika punguzo. Ukimtajia bei ya ushkaji peke yake, hiyo ndiyo atakayomwelekezea mwenzake, na huyo mwenzake humjui.

Sasa hili la kulipwa baada ya uzinduzi. Nalielewa linatoka wapi. Kwaya nyingi hukusanya pesa ya albamu siku ya uzinduzi: mgeni rasmi anaalikwa, ahadi zinatolewa, kadi zinachangiwa. Hawakudanganyi. Lakini ahadi ya mgeni rasmi na pesa ya mgeni rasmi ni vitu viwili, na zikishaingia zinaanza kulipia ukumbi, sare, chakula na mpiga video, halafu fundi aliyerekodi miezi mitatu nyuma anaambiwa asubiri ahadi zikusanywe. Ukikubali hivyo, wewe ndiye mkopeshaji wao. Waambie kwa upole kwamba huna uwezo wa kukopesha, na kwamba wakitaka kuanza na harambee ndogo ya ndani, utawasubiri na tarehe utawawekea.

Mimi nagawa hivi: 50% kabla ya tarehe kuwekwa kwenye kalenda, 30% siku ya mwisho ya kurekodi kabla sijafungua nyaya, na 20% kabla ya kukabidhi faili zenye ubora kamili. Kwa kazi yako ni 825,000, kisha 495,000, kisha 330,000. Ile nusu ya kwanza si kutowaamini. Ukishawapa tarehe umemkatalia mteja mwingine, na wakiahirisha Ijumaa usiku hutampata tena. Wakitaka kusikiliza miksi kabla ya kumaliza kulipa, wape MP3 ya ubora wa chini yenye mlio mdogo unaopita kila baada ya muda. Ukiwapa iliyo safi, wiki hiyohiyo itakuwa kwenye YouTube na mhazini ataacha kupokea simu zako.

Kuhusu kuonekana unawatilia shaka: mwenye kushikilia maandishi zaidi kuliko wewe ni kwaya yenyewe. Ina katibu, ina daftari la mihtasari, ina mhazini anayesomewa hesabu. Wape karatasi na wataiweka kwenye faili. Tena kwa kwaya maandishi yana sababu ya ziada, nayo ni uchaguzi wa viongozi. Mwenyekiti mliyekubaliana naye akitoka katikati ya kazi, anayeingia atasema hajui lolote, na mara nyingi anasema kweli. Kwa hiyo wasaini mwenyekiti, katibu na mhazini kwa majina na vyeo, na kama kwaya iko chini ya parokia au usharika, omba muhuri. Uliza pia mapema albamu ni mali ya kwaya au ya kanisa. Sitaki uwe katikati ya ugomvi huo ukiwa na diski mkononi.

Kisheria hata mapatano ya mdomo ni mkataba. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inayatambua. Shida ni kuyathibitisha. Kwa kazi ndogo ambazo karatasi itaonekana kubwa kuliko kazi yenyewe, maliza mazungumzo ya simu kwa ujumbe wa WhatsApp wenye muhtasari, na usubiri mteja ajibu "nimekubali" ndipo ushike tarehe. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, maandishi ya namna hiyo hayakataliwi kwa sababu tu ni ya kielektroniki. Ujumbe wenyewe usiwe na lugha ya wakili. Kwa kwaya yako ningeandika hivi, kisha maneno hayohayo nikayaweka kwenye karatasi ya kusainiwa:

"Bwana Yesu asifiwe. Kama tulivyozungumza: nitarekodi nyimbo 8 za kwaya kanisani kwenu tarehe tuliyotaja, siku 2, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Gharama ya kazi ni 1,650,000. Usafiri wa vifaa na jenereta ni juu ya kwaya. Malipo: 825,000 ili tarehe ishikwe, 495,000 siku ya mwisho ya kurekodi, 330,000 kabla ya kukabidhiwa faili. Bei hii ina marekebisho ya awamu 2, yatakayoletwa kwa maandishi na mtu mmoja aliyeteuliwa na kwaya. Kuimba upya, wimbo wa ziada au siku ya ziada ni 150,000 kwa siku. Siku ikiharibika kwa mvua au kwaya kutokuwa tayari, italipwa nusu siku na tutapanga nyingine. Faili nitazitunza miezi 3 baada ya kukabidhi. Mkikubali, naomba mthibitishe hapa."

Vipengele kadhaa vya humo vina historia ndefu, nivieleze.

Saa. Kwaya ikiambiwa saa mbili, sauti ya kwanza inafika saa tatu na besi wanaingia saa nne na nusu. Ukiandika saa za kuanza na kumaliza, uchelewaji unakuwa wao, na saa kumi ikifika una haki ya kusema sasa ni siku ya tatu. Usiitumie haki hiyo kwa ukali, lakini iwepo.

Mvua. Bati halina rafiki, na Mwanza mvua inaweza kuanguka mchana ambao asubuhi yake ilikuwa jua kali. Hakuna programu itakayoondoa sauti ya mvua kwenye bati ukabaki na kwaya inayosikika kama watu. Sasa nani alipie siku hiyo? Ukibeba yote unaumia, wakibeba yote wanaona umewaonea kwa jambo la Mungu. Nusu siku ni mgawanyo ambao sijaona watu wakiukataa. Pikipiki, jirani mwenye spika, harusi inayopita: kwa hayo panga ratiba tu, ukishakwenda kukagua utajua saa gani mtaa umetulia.

Ile ziara ya mazoezini wengi hawaitozi, nami nasema itoze. Pale ndipo unaposikia kama nyimbo zimeiva. Kama wimbo wa sita bado wanasoma maneno kwenye karatasi, waambie siku hiyohiyo kwamba hautarekodiwa hadi wauimbe bila karatasi. Kwaya inayofanya mazoezi mbele ya maiki zilizowashwa ndiyo kazi ghali kuliko zote, na ukinyamaza utailipia wewe.

Marekebisho ndiyo yanayoua mafundi. Bila mipaka utaongezwa kwenye kundi la WhatsApp la watu 40. Tenor atataka tenor iongezwe, mpiga kinanda atasema kinanda hakisikiki, shemasi atauliza mbona sauti ya mkewe imefichwa. Wote wana haki ya maoni, lakini si kwako. Wakubaliane huko, mtu mmoja akuletee orodha moja. Na utenganishe mapema: kupandisha alto, kushusha ngoma, kuondoa kikohozi ni marekebisho; kubadilisha mwongozaji, ufunguo au maneno ni kurekodi upya.

Miezi 3 ya kutunza faili ni suala la ukubwa. Traki moja, yaani sauti ya maiki moja iliyorekodiwa peke yake, ya ubora wa 24-biti na 48 kHz inakula kama MB 8.6 kwa dakika. Ukiwa na traki 24, saa moja ni kama GB 12.4. Siku mbili za kwaya, saa 5 za kurekodi kila siku, zinakaribia GB 125, na lazima uwe na nakala mbili. Diski zinanunuliwa kwa pesa. Mteja akitaka utunze zaidi, alete diski yake au alipie. Na kwa upande wako, ahidi waziwazi kwamba faili zikipotea kwa uzembe wako utarekodi tena bila malipo au utarudisha pesa waliyokulipa. Kwangu hicho ndicho kinachotofautisha fundi na mtu mwenye maiki.

Umiliki uuguse kwa sentensi moja tu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi, inawalinda waimbaji, na inamlinda mtayarishaji wa rekodi, yaani aliyeanzisha na kubeba jukumu la rekodi kufanyika. Kwaya ikikulipa siku zako zote, mtayarishaji ni kwaya, wewe umetoa huduma. Kuweka maiki peke yake hakukufanyi mwenye mali. Kwa hiyo usipandishe wimbo wao kwenye chaneli yako bila ruhusa, hata kama ni kujitangaza. Omba ruhusa ya sekunde 30, na omba jina lako liandikwe kwenye maelezo ya video. Mambo yanabadilika siku mtu atakapokuambia "hatuna pesa, turekodie tugawane mapato". Hapo uliza: asilimia ngapi, ya mapato yapi, chaneli ni ya nani, nani ataona hesabu na kila baada ya muda gani. Asipoweza kujibu, hakuna mgao. Ushauri wangu ni kwamba mgao uwe nyongeza juu ya malipo yanayofidia gharama zako, usiwe badala yake.

Jambo la kodi kwa ufupi, maana kwaya leo, kesho kampuni ya matangazo. Kampuni au shirika likikulipa huduma hukata 5% ya kodi ya zuio. Kwenye kazi ya 1,650,000 ni 82,500. Si pesa iliyopotea ukidai cheti chake na kukiwasilisha TRA, ila usipoijua mapema utadhani umepunjwa. Kwa malipo ya simu, andika kama makato ya kutolea ni juu yao.

Sasa msanii wako. Tofautisha vitu vitatu: wimbo uliokamilika, sauti zake mbichi, na sesheni yako yenye mipangilio yote ya miksi. Wimbo uliokamilika alionunua ni haki yake akimaliza kulipa. Sauti mbichi nazo mimi humpa mteja aliyemaliza kulipa, kwa sababu ni koo lake na alilipia siku ya kuzirekodi. Namtoza tu muda wa kuzitoa moja moja na kuzipanga, kwa kawaida nusu siku. Sesheni haimo kwenye bei ya kurekodi. Akitaka kuinunua ina bei yake, na hulazimiki kuiuza.

Yeye amelipa nusu na hamkuandikiana chochote, kwa hiyo usianze na kukataa. Mwandikie leo, bila hasira: taja alichokulipa na tarehe, taja kilichobaki, taja utakachomkabidhi akimaliza na utakikabidhi ndani ya siku ngapi. Kama kazi ilikuwa ya nyimbo kadhaa na alicholipa kinatosha baadhi, mpe hizo zilizolipiwa zikiwa kamili, hata kabla hajaomba. Usizifute zilizobaki na usizitoe. Mwambie utazitunza hadi tarehe fulani, taja tarehe yenyewe, na akinyamaza mkumbushe mara moja wiki moja kabla haijafika.